Sauti kama Sifa Bainifu: Ndege Waimbao na Fasili za Majina Yao katika Kamusi za Kiswahili

1.0 Tatizo

Msomaji wa ushairi wa Kiswahili anayekutana na jina la ndege kama tiva, kurumbiza au shore, akalitafuta katika kamusi, aghalabu hujibiwa kwa maneno machache: kwamba ni aina ya ndege, au kwamba ni ndege mdogo, pengine na rangi moja au mbili, na pengine kwamba ana sauti nzuri. Fasili ya namna hiyo haisemi uongo. Kasoro yake ni kwamba haibainishi. Ndege wadogo wenye sauti nzuri katika Afrika Mashariki wanahesabika kwa mamia, na msomaji aliyezaliwa mjini, ambaye hakupata kuonyeshwa ndege huyo na mzee wake, hutoka katika kamusi akiwa na kile kile alichoingia nacho, yaani neno tupu.

Makala haya yanachunguza majina machache ya ndege waimbao katika Kiswahili kwa kuyalinganisha na yale yanayojulikana leo katika taaluma ya ndege kuhusu namna ndege hao wanavyotambulikana. Hoja inayotetewa ni kwamba kwa kundi hili la ndege sauti ndiyo sifa bainifu ya kwanza, ilhali ukubwa na rangi, ambazo kamusi huzitanguliza, ni sifa dhaifu na mara nyingine ni sifa danganyifu. Istilahi sifa bainifu imeazimwa kutoka fonolojia kwa makusudi. Katika fonolojia sifa haihesabiwi kuwa bainifu kwa sababu tu ipo. Huhesabiwa hivyo kwa sababu kuwepo au kutokuwepo kwake hutenga kipashio kimoja na kingine. Fasili ya kamusi haina budi kupimwa kwa kipimo hicho hicho.

Yaweza kuulizwa kama jambo hili lina uzito wa kutosha kujadiliwa na wanaleksikografia, ambao wana mamia ya istilahi za sayansi na sheria zinazowasubiri. Jibu ni kwamba majina ya ndege ni miongoni mwa msamiati unaotoweka bila kelele. Neno la uvuvi lisipofasiliwa vizuri, wavuvi wapo na wataulizwa. Jina la ndege wa kichakani hujulikana na watu wachache, na kichaka chenyewe kikifyekwa, watu hao nao huacha kulitumia mbele ya watoto wao. Kinachobaki ni shairi lenye tashbihi ambayo upande wake mmoja haujulikani na mtu. Maadamu jina limo katika fasihi, kulifasili si anasa.

2.0 Kulia na kuimba

Kiswahili kina kitenzi kimoja kipana cha sauti za viumbe na vitu, nacho ni kulia. Ndege hulia, paka hulia, honi na kengele hulia. Pamoja na kitenzi hicho kuna vitenzi finyu vinavyomhusu kiumbe mmoja au kundi dogo: jogoo huwika, kuku aliyetaga hutetea, simba hunguruma. Kuimba kuko katikati. Husemwa juu ya binadamu, na husemwa pia juu ya ndege, lakini si juu ya kila ndege. Ni vigumu kumsikia mzungumzaji mzawa akisema kwamba kunguru anaimba, isipokuwa kwa dhihaka.

Jozi hii ya vitenzi, pamoja na nomino zake mlio na wimbo, inaoana kwa karibu sana na mpaka uliowekwa na wataalamu wa ndege. Kwao mlio ni sauti fupi, aghalabu ya kuzaliwa nayo, itumikayo kutahadharisha, kuitana au kuomba chakula. Wimbo ni mfuatano mrefu zaidi wa sauti, wenye mpangilio, utumikao hasa kulinda himaya na kumvuta au kumshikilia mwenzi. Ndege mmoja huwa na vyote viwili. Basi mwalimu wa biolojia afundishaye kwa Kiswahili hana haja ya kuunda istilahi mpya hapa. Lugha ilikwisha kuzitenga dhana hizo, na linalohitajika ni kuzitumia kwa nidhamu.

Mahali ambapo lugha na sayansi huachana ni katika mipaka ya kundi lenyewe. Duniani kuna spishi za ndege zipatazo 11,000, na zaidi ya nusu yake ni za oda ya Passeriformes. Ndani ya oda hiyo kuna kundi la Oscines, lenye spishi zipatazo 5,000, ambalo ndilo wataalamu huliita la ndege waimbao. Kigezo chao ni ukoo na maumbile, hasa maumbile ya kiungo cha sauti kiitwacho sirinksi. Binadamu hutoa sauti kwa zoloto, lililo juu ya bomba la pumzi. Sirinksi ya ndege iko chini, mahali ambapo bomba hilo hugawanyika kuelekea mapafu mawili. Kwa kuwa kila upande wa mgawanyiko huo una misuli na utando wake, ndege aimbaye aweza kutoa toni mbili kwa wakati mmoja, jambo ambalo mwimbaji wa binadamu hulifanya kwa taabu kubwa, kama analiweza kabisa.

Kwa kigezo hicho kunguru ni ndege mwimbaji kamili, na dudumizi, ambaye sauti yake ya kushuka kama maji yamiminwayo kutoka katika chupa inajulikana sana mashambani, si mmoja wao. Njiwa naye hayumo. Mzungumzaji wa Kiswahili asiyekubali kumweka kunguru pamoja na kurumbiza hakosei. Anapanga kwa sikio, naye mwanasayansi anapanga kwa ukoo. Kamusi ya jumla haina sababu ya kumlazimisha mmoja awe mwenzake. Inatosha itambue kwamba katika mpango wa wazungumzaji sikio limetangulia.

3.0 Wimbo kama jambo la kufundishwa

Sifa inayowatenga ndege waimbao na wengi wa ndege wengine si uzuri wa sauti bali ni kujifunza. Katika miaka ya 1950 William H. Thorpe wa Cambridge, akitumia mashine ya kuchora sauti, alilea makinda ya ndege aitwaye Fringilla coelebs bila kuwasikilizisha wakubwa wao. Makinda hayo yalipokua yaliimba, na urefu wa wimbo ulikaribia ule wa kawaida, lakini mpangilio wa ndani haukuwapo. Uwezo wa kuimba walizaliwa nao. Wimbo wenyewe walipaswa kuusikia.

Mwaka 1964 Peter Marler na Miwako Tamura walionyesha kwamba shomoro wa Marekani wa spishi Zonotrichia leucophrys, waliokaa sehemu mbalimbali za eneo la San Francisco, waliimba kwa namna zinazotofautiana kutoka sehemu hadi sehemu, na kwamba tofauti hizo zilirithishwa kwa kusikia. Wataalamu waliziita tofauti hizo lahaja, na jina hilo limebaki. Barani Afrika L. G. Grimes alieleza mwaka 1974 lahaja za namna hiyo hiyo katika nyimbo za spishi moja ya chozi nchini Ghana. Mwanaisimu aliyezoea kuchora mipaka ya Kimvita na Kiamu asingeona ugeni wowote katika ramani zao.

Inafaa kusemwa kwa kupita kwamba Kiswahili kimemtwika kasuku peke yake mzigo wa kuiga. Kasuku ni mfano wa mtu arudiaye asiyoyaelewa. Lakini kujifunza sauti ni kazi ya shore na chozi vile vile, na kwao si mchezo wa kuiga binadamu bali ni sharti la maisha. Ushahidi wa kusikitisha umetoka Australia. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2021 kuhusu ndege Anthochaera phrygia, ambaye idadi yake imepungua hadi mamia machache, ulionyesha kwamba kiasi cha asilimia 12 ya madume walikuwa wakiimba nyimbo za spishi nyingine. Walikuwa wamekosa wazee wa kuwafunza. Madume wenye nyimbo zisizo za kawaida walikuwa na bahati ndogo zaidi ya kupata majike.

Jambo la pili linalohusu kamusi moja kwa moja ni jinsia ya mwimbaji. Kwa muda mrefu vitabu vilifundisha kwamba wimbo ni wa dume na kwamba jike husikiliza. Fundisho hilo lilitokana na ndege wa Ulaya na Amerika ya Kaskazini, ambako taaluma ilianzia. Katika nchi za joto hali ni nyingine, na uchambuzi wa mwaka 2014 uliohusisha spishi nyingi za ulimwengu ulikuta kwamba majike huimba katika asilimia 71 ya spishi zilizochunguzwa, na kwamba yaelekea mababu wa ndege hao wote walikuwa na majike waimbao. Kwa hiyo kilichodhaniwa kuwa kanuni kilikuwa hali ya pekee ya upande mmoja wa dunia.

Mfano ulio karibu ni tiva. Jina hili katika orodha za Kiswahili za miaka ya karibuni hupewa ndege wa jenasi Laniarius, ambao hujificha vichakani na kusikika kila mahali. Thorpe huyo huyo alishirikiana na Myles North, aliyekuwa mtumishi wa serikali ya kikoloni nchini Kenya na mrekodi hodari wa sauti za ndege, na mwaka 1965 walichapisha matokeo yao juu ya ndege hawa. Walichokiona ni kwamba dume na jike hutunga pamoja. Mmoja hutoa noti kama za filimbi, mwingine huitikia katikati kwa noti nyingine au kwa mkwaruzo, na mwitikio hufuata kwa sehemu ndogo ya sekunde kiasi kwamba msikilizaji hudhani amemsikia ndege mmoja. Kila jozi ina mitindo yake. Mwenzi akiwa hayupo, aliyebaki aweza kuimba sehemu zote mbili peke yake; mwenzi akirejea, kila mmoja hurudia zamu yake. Fasili ya tiva isiyotaja kuitikiana imeacha kitu ambacho asiyemjua ndege huyu angekihitaji kwanza.

4.0 Udhaifu wa rangi

Mkosoaji aweza kusema kwamba rangi ni rahisi kueleza kwa maneno na sauti ni vigumu, na kwa hiyo kamusi hufanya linalowezekana. Hoja hiyo ingekuwa na nguvu kama rangi ingetenda kazi inayodhaniwa. Mara nyingi haitendi.

Chukuliwe kwelea, yaani Quelea quelea, adui mkubwa wa mashamba ya mtama na mpunga. Dume katika majira ya kuzaliana ana uso wenye rangi ya pekee na mdomo mwekundu. Majira yakipita, hubadili manyoya na kufanana na shomoro wa kawaida. Jike naye hubadilika mdomo, ambao huwa wa manjano wakati wa kuzaa na mwekundu wakati mwingine. Madume wa spishi kadhaa za mnana, wale wasusi wa viota vining'iniavyo, hung'aa kwa manjano kwa miezi michache kisha hufifia. Chozi dume aghalabu humetameta kama madini, na jike wake huwa wa kijivu au kijani kibichi kilichofifia. Fasili inayosema kwamba chozi ni ndege mwenye rangi za kung'aa imefasili nusu ya chozi.

Hapa panafaa kukumbushwa jambo dogo la sarufi. Chozi ndege na chozi la jicho ni homonimu, na kamusi huvitenga vidahizo viwili. Upatanisho wa kisarufi huvitenga pia bila msaada wa kamusi: chozi limedondoka, chozi amedondoka. Majadiliano ya mara kwa mara kuhusu kama jina la ndege limetokana na machozi hayana ushahidi wa kihistoria wa kuyasimamisha, na ni afadhali yaachwe. Onyo hilo hilo liwahusu wale wanaoona tanakali za sauti katika kila jina la ndege. Baadhi ya majina ni tanakali. Kuthibitisha kwamba jina fulani ni tanakali kunahitaji kulinganisha lugha jirani na sauti iliyorekodiwa, si kulitamka jina kwa mahadhi.

Mfano mzito zaidi wa udhaifu wa rangi unatoka Somalia. Mwaka 1988 huko Bulo Burti alionekana ndege mmoja wa jenasi Laniarius ambaye manyoya yake hayakulingana na spishi yoyote iliyojulikana. Badala ya kuuawa ili awe sampuli ya makumbusho, alikamatwa, akachukuliwa damu na manyoya, akaachiliwa huru mwaka 1990. Mwaka uliofuata alitangazwa kuwa spishi mpya, Laniarius liberatus, yaani aliyewekwa huru. Hakupatikana wa pili. Mwaka 2008 uchambuzi wa vinasaba ulionyesha kwamba hakuwa spishi mpya hata kidogo: alikuwa mmoja wa tiva wa Somalia aliyevaa rangi adimu. Watafiti walisema wazi kwamba katika jenasi hii rangi ya manyoya si kigezo cha kutegemewa. Wakazi wa kaskazini ya pwani ya Kenya, kwenye maeneo ya Lamu na Manda, wana sababu ya kutoshangaa, kwani kwao tiva weusi tupu hupatikana, ilhali kusini yao tiva ni mweusi mgongoni na mweupe tumboni.

Kuna hata ndege ambao kwao tofauti ya sauti ni karibu ndiyo tofauti yote. Robert B. Payne alichapisha mwaka 1973 utafiti juu ya ndege weusi-buluu wa jenasi Vidua, ambao hutaga mayai katika viota vya wengine. Madume wa spishi mbalimbali za kundi hilo hufanana mno. Wanachotofautiana ni wimbo, kwa kuwa kila mmoja huiga wimbo wa spishi iliyomlea. Vidua chalybeata, kwa mfano, huiga nyimbo za Lagonosticta senegala, yule ndege mdogo mwekundu aokotaye mbegu uani. Jike naye huchagua dume kwa kusikia wimbo wa walezi wake mwenyewe. Mwanafonolojia atatambua hapa jozi mlinganuo finyu: vipashio viwili vinavyolingana katika kila kitu isipokuwa sifa moja, na sifa hiyo ndiyo inayobadili maana.

Katika milima ya Tanzania hali inakaribia hiyo. Machozi wadogo wa milimani wenye mikanda kifuani, jamaa ya Cinnyris mediocris, wamegawanyika katika makundi yanayokaa juu ya safu mbalimbali, kutoka Kenya kupitia Usambara na milima mingine ya Tao la Mashariki hadi Malawi na Msumbiji. Manyoya ya baadhi yao yanafanana kiasi cha kuwatatanisha hata wazoefu. Utafiti uliochapishwa mwaka 2021, ulioshirikisha wataalamu wa Kitanzania, ulichunguza nyimbo zao na kukuta kwamba hazikubadilika polepole kwa kipimo kimoja. Makundi mengine yaliyotengana kwa mamia ya maelfu ya miaka bado yanaimba karibu sawa. Mengine yameachana ghafla. Wimbo wa kufundishwa, ambao mtu angedhani hugeuka kila kizazi, umedumu kuliko ilivyotarajiwa.

Jina nalo laweza kuhama huku rangi ikiachwa nyuma, na mfano ni kunguru. Kunguru wa asili wa pwani, Corvus albus, ni mweusi mwenye kifua na ukosi mweupe. Katika miaka ya 1890 kunguru wa Bara Hindi, Corvus splendens, aliletwa Unguja kwa matumaini kwamba angeondoa takataka mjini. Alienea hadi Dar es Salaam na Mombasa, akawa kero, na kwa kula mayai na makinda amewapunguza ndege wadogo wa miji ya pwani. Mwaka 2024 Kenya ilitangaza mpango wa kuwaangamiza milioni moja. Ndege huyu ni mweusi mwenye kijivu shingoni na hana weupe. Mtoto wa Kariakoo au wa Mji Mkongwe asemapo kunguru, humkusudia huyu. Kamusi itakayoendelea kumfasili kunguru kwa weupe wa kifua peke yake itakuwa inamfasili ndege ambaye mtoto huyo humwona kwa nadra, na itakayobadilisha fasili kimya kimya itakuwa imefuta historia ya neno. Panahitajika maana mbili zilizotengwa.

5.0 Kilichopotea kati ya kamusi thaniya na kamusi wahidiya

Hali ya sasa ina sababu za kihistoria. Kamusi za awali za Kiswahili, kuanzia ile ya Krapf ya mwaka 1882 hadi zile za Johnson na Sacleux zilizotoka mwaka 1939, zilikuwa thaniya. Kwa mtungaji wa kamusi thaniya jina la ndege si tatizo kubwa: akiwa na kisawe cha Kiingereza au Kifaransa, humwachia msomaji kukitafuta katika kitabu cha ndege cha lugha hiyo. Sacleux, aliyekuwa mchunguzi wa mimea na wanyama, alitoa pia majina ya kisayansi kwa wingi, na kazi yake bado haijapitwa kwa jambo hilo.

Kamusi ya Kiswahili Sanifu ya mwaka 1981 ilikuwa hatua ya heshima kubwa kwa lugha, kwa kuwa ilikifasili Kiswahili kwa Kiswahili. Lakini hatua hiyo iliondoa mkongojo wa kisawe cha kigeni, na kwa majina ya wanyama wengi mahali pa mkongojo hapakuwekwa mguu. Kamusi wahidiya haina pa kumwelekeza msomaji, sharti ieleze. Matoleo na kamusi nyingine zilizofuata zimeongeza vidahizo vingi, lakini desturi ya kuanza na kuishia katika aina ya ndege imekuwa ngumu kuvunjika.

Sababu nyingine ni ya kimbinu. Mtafiti anayekusanya majina ya ndege huenda kwa wazee akiwa na kitabu cha picha. Picha ina rangi na umbo. Haina sauti, haina kichaka, haina saa ya alfajiri. Mzee aliyemsikia kurumbiza maisha yake yote bila kumwona kwa karibu huulizwa amtambue kwa kitu ambacho kwake hakikuwa alama. Akisita, huandikwa kwamba hajui, au kwamba jina hilo linawahusu ndege watano. Matokeo hayo hutumiwa baadaye kuthibitisha kwamba majina ya Kiswahili ni ya jumla mno. Kosa ni la chombo cha kuulizia.

Tafiti za mahali pengine zinaonyesha jinsi mambo yanavyoweza kuwa. Steven Feld, katika kitabu chake cha mwaka 1982 juu ya Wakaluli wa Papua New Guinea, alieleza jamii ambayo kwayo ndege kwanza ni sauti za msituni na baadaye ndiyo miili. Brent Berlin na John O'Neill walionyesha mwaka 1981 kwamba sehemu kubwa ya majina ya ndege katika lugha za Waaguaruna na Wahuambisa wa Peru ni tanakali za sauti. Hakuna sababu ya kuyachukua matokeo hayo na kuyabandika katika Kiswahili. Yanachotoa ni njia ya kuuliza: mpelekee mzee sauti iliyorekodiwa kabla ya picha. Vifaa havikosekani. Rekodi za North zilitolewa na Chuo Kikuu cha Cornell mwaka 1958, na tangu mwaka 2005 hifadhi ya sauti iitwayo xeno-canto imekusanya rekodi za ndege wengi wa Afrika Mashariki, ambazo kila mtu aweza kuzisikiliza. Mwanafunzi wa uzamili mwenye simu anaweza kufanya Pemba au Tanga kazi ambayo Sacleux hakuwa na namna ya kuifanya.

Jambo hili lisichanganywe na juhudi za kuunda jina la Kiswahili kwa kila spishi kwa kuongeza kivumishi kwenye jina la kundi. Juhudi hizo ni za manufaa kwa waongozaji wa watalii na kwa vitabu vya shule, nazo ni kazi ya istilahi. Hata hivyo, orodha ya istilahi haijibu swali la nini mzungumzaji wa Kimakunduchi humaanisha asemapo tiva. Kuna hatari hata ya kinyume: jina sanifu likishachapishwa, mtafiti huenda vijijini kulithibitisha badala ya kusikiliza.

6.0 Kuandika sauti katika fasili

Ugumu wa kuandika sauti ni wa kweli. Tanakali peke yake haitoshi, kwa sababu watu wawili husikia silabi mbalimbali katika wimbo mmoja. Lakini kuna mambo ambayo yaweza kusemwa kwa lugha ya kawaida na ambayo hayategemei sikio la mtu mmoja: kama ndege huimba peke yake au kwa kuitikiana, kama hurudia kipande kimoja au hubadilisha, kama sauti hupanda au hushuka, saa anayoimba, na mahali anapokaa akiimba. Mambo hayo yakitanguliwa na umbile la jumla na kufuatwa na jina la kisayansi, fasili hubana nafasi isiyozidi mistari minne. Mifano ifuatayo imetungwa kwa kufuata njia hiyo.

Shore: ndege wa kahawia mwenye kichwa cheusi chenye kishungi kidogo na manjano chini ya mkia, hukaa karibu na makazi ya watu na hula matunda na wadudu, huanza kuimba mapema alfajiri kwa kipande kifupi kichangamfu anachokirudia mara nyingi akiwa mahali pa wazi (Pycnonotus).

Kurumbiza: ndege mwenye tumbo la rangi ya machungwa au kutu, akaaye chini ya vichaka vyenye kivuli, huimba hasa alfajiri na jioni, na baadhi huanza kwa sauti ya chini inayopanda kwa nguvu, baadhi huiga kwa ustadi nyimbo za ndege wengine (Cossypha).

Tiva: ndege wa vichakani, mweusi mgongoni na mweupe tumboni, au mweusi mwili mzima katika sehemu za kaskazini ya pwani, husikika zaidi ya kuonekana, dume na jike huitikiana kwa sauti za filimbi na mikwaruzo kwa haraka hata hudhaniwa ni mmoja (Laniarius).

Chozi: ndege mdogo sana mwenye mdomo mwembamba uliopinda, anywaye utamu wa maua na kula wadudu; dume aghalabu humetameta, jike amefifia; hujenga kiota cha mfuko unaoning'inia chenye mlango ubavuni; wimbo wake ni mwembamba na wa haraka (jamaa ya Nectariniidae).

Kwa chiriku pana hoja ya ziada. Jina hili la ndege wadogo walao mbegu wa jamaa ya Fringillidae hutumika pia kwa mtu mwenye maneno mengi. Fasili ya maana ya kwanza isipotaja kwamba ndege huyu hutoa sauti mfululizo bila kupumzika, maana ya pili hubaki inaelea, na msomaji hana njia ya kuona jinsi moja ilivyozaa nyingine. Hali hiyo hiyo huwapata ndege ambao hawana maana ya pili katika kamusi lakini wanayo katika mashairi. Orodha ya majina hayo, ikikusanywa kutoka katika tungo zilizochapishwa na kuwekwa sambamba na rekodi za sauti zilizotambuliwa na wazungumzaji wa lahaja mbalimbali, ingetosha kuwa tasnifu moja ya uzamili, na wazee wa kuulizwa bado wapo Pemba, Mafia na katika vijiji vya Kilifi vinavyopakana na msitu wa Arabuko-Sokoke.